Mashine ya Kukunjia Nondo Imekamilika kwa Asilimia Themanini na Saba na Nusu

Hotuba ya Bwana Kristofa Masunga, Mkurugenzi Mwendeshaji wa Shirika la Uviringishaji Vyuma na Ustawi wa Mikokoteni (SHUVUMI), aliyoitoa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya lango la kiwanda, nje kidogo ya mji wa Bariadi, katika msimu wa pili wa soko huria la pamba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya amepata udhuru, na ambaye kwa bahati nzuri nafasi yake nimeikaimu mimi mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Mapokezi, Baba Paroko na Mchungaji, mliokubali kukaa benchi moja, makamanda wa sungusungu pamoja na filimbi zenu, wanangoma mliokuja na nyoka wenu na mkakubali kuwaacha kwenye kikapu, wazee maarufu, na wazee ambao umaarufu wenu bado unashughulikiwa, akina mama, wakulima wa pamba, mahindi na mpunga, wafugaji, wenye mikokoteni, na ninyi ndugu zangu ambao mlikuwa na mikokoteni: mwangaluka!

(Umati: "Mwangaluka!")

Mhola?

(Umati: "Mhola duhu!" Sauti ya mwanamke, nyuma: "Si mhola, si salama. Ringi zangu ziko wapi?")

Ahsanteni sana. Nimeisikia sauti ya mama yetu, mayu Nyanjige, kule nyuma, na napenda kumhakikishia kuwa hoja yake tumeipokea rasmi na tumeiweka kwenye kipengele cha Mengineyo, ambacho, kama mnavyojua, ndicho kipengele chenye uzito kuliko vyote, ndiyo maana huwekwa chini kabisa ili vingine vikae juu yake. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, siku ya leo ni ya kihistoria. Mnakumbuka tulikotoka. Mnakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka juzi, serikali ilipofungua milango ya soko, na kila mwenye lori akawa huru kununua pamba ya kila mwenye pamba, sisi wa SHUVUMI tulikaa, tukatafakari, tukaandaa warsha ya siku nne, tukala, tukatafakari tena, na hatimaye tukagundua jambo ambalo lilikuwa halijagunduliwa na mtaalamu yeyote wa kanda hii, nalo ni kwamba mkokoteni bila gurudumu hauendi. (Makofi kutoka meza kuu.) Na gurudumu bila ringi imara ya chuma haliendi mbali. Na ringi zenu za nondo nene, ambazo baba zenu walizikunja kwa nyundo juu ya mawe, zilikuwa na umbo la yai. Mkokoteni ulikuwa unapanda na kushuka barabarani kama bibi harusi aliyelazimishwa. (Kicheko kirefu.)

Hapo ndipo wazo la mashine lilipozaliwa. Nikasimama hapa hapa, nikawaomba wenye mikokoteni tisa wajitolee, kila mmoja alete ringi zake mbili, jumla ringi kumi na nane, ziwe malighafi na sampuli ya kitaalamu, na baada ya mwezi mmoja kila mtu arudishiwe ringi mpya za mviringo kamili. Mlizileta. Mlizileta mkiimba. Huo ndio moyo ambao nauita, kwa lugha ya kisasa, patisipesheni.

(Nyanjige: "Mwezi mmoja ulisema! Hii ni miezi kumi na minne!")

Mayu, mwezi wa mradi na mwezi wa kalenda ni vitu viwili tofauti. Naomba nieleweke.

Sasa niwaeleze usanifu wa mashine yenyewe, taratibu, bila haraka, kwa sababu mimi naamini mwananchi ana haki ya kuelewa kitu hata kabla hakijawepo. Malimi, dereva wangu, niletee chupa tatu za soda na ufito mbichi. Usizifungue, Malimi, kunywa ni baadaye. Tazameni hapa mezani. Chupa mbili nazilaza chini, sambamba, zikiachana kwa shibiri moja. Hizi ndizo rola za chini. Hazipandi wala hazishuki. Zinazunguka tu mahali pake, na zote mbili zinazungushwa na mkono mmoja wa chuma kupitia magurudumu ya meno. Chupa ya tatu naishika juu, katikati ya hizo mbili. Hii ndiyo rola ya juu, na yenyewe inakandamizwa na skrubu. Kila rola imechongwa mfereji katikati, ili nondo ikae humo isikimbie pembeni, kwa maana nondo ni ya duara, na kitu cha duara hakina adabu, hakitulii. Nondo inapita juu ya zile mbili na chini ya hii moja. Rola ya juu inasukuma chini, za chini zinakataa, na nondo, ikiwa imebanwa kati ya mabishano hayo, haina la kufanya ila kupinda. (Baba Paroko anaitikia kwa kichwa.) Ndivyo inavyokuwa. Sasa napitisha ufito, nakandamiza hivi...

(Ufito unakatika. Kicheko. Chupa moja inabingirika hadi kwenye kikapu cha nyoka. Wanangoma wanaikimbilia.)

Hilo ni jaribio la awali. Nani huyo anacheka kwa nguvu? Fundi Nyanda? Mhunzi wetu, simama uonekane, sema.

(Nyanda: "Umekaza mara moja, mkurugenzi. Hukazi hivyo. Unakaza robo ya skrubu, unapitisha. Unakaza robo, unarudisha. Chuma ukikikunja kinarudi nyuma kidogo, kwa hiyo unakizidishia kidogo kuliko unavyotaka. Ukiwa na pupa, kinapasuka." Makofi mengi.)

Umesema vizuri sana, fundi, na nafurahi kwamba umerudia kwa maneno yako yale ambayo yamo kwenye ripoti yetu ya fizibiliti, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Katibu, andika kwamba wadau wameunga mkono.

Ndugu wananchi, wapo wanaouliza, hivi kazi imefika wapi? Nina takwimu. Utekelezaji wa mradi huu una hatua nane. Ya kwanza, kubuni wazo: tayari. Ya pili, warsha: tayari. Ya tatu, kuunda kamati: tayari, na kwa kweli hapa tulivuka lengo, tuliunda sita. Ya nne, ziara ya mafunzo: tayari, tulikwenda mikoa mitatu kutazama mashine za watu. Ya tano, michoro: tayari, imechorwa mara saba, na mchoro wa saba una rangi. Ya sita, mapokezi ya mashine katika stesheni ya Malampaka: tayari, tuliyafanya mwezi wa tatu, ngoma ikachezwa, behewa likafika, na ingawa lilikuwa tupu, mapokezi yenyewe yalifana, na kila mmoja aliyekuwepo anajua sasa akae wapi siku ya siku. Ya saba, uzinduzi: ndio huu. Saba kwa nane, piga hesabu mwenyewe, ni asilimia themanini na saba na nusu. (Makofi kutoka meza kuu.) Hatua moja tu ndiyo iliyobaki, hiyo ya nane, ambayo ni ndogo, ya kiufundi, nayo ni kuitengeneza mashine.

(Mzee mmoja: "Rudia hapo.")

Sirudii, mzee wangu, kwa sababu ya muda.

Badala ya kurudia, naomba mtazame kwa macho yenu matunda yanayoonekana. Tazameni lango hili. Tazameni tao hili la chuma juu ya lango, limepinda kama upinde wa mvua, limepakwa rangi ya kijani na njano, na limeshika waya wa spika inayopaza sauti yangu. Tazameni fremu ya kivuli cha meza kuu. Tazameni kiti changu, mgongo wake ulivyokunjwa ukakumbatia. Nani anasema SHUVUMI haikunji chuma?

(Nyanjige anapita katikati ya umati kuelekea langoni. Ana jembe begani.)

Mayu, itifaki haijafika huko. Mayu Nyanjige, karibu ukae kwenye mkeka... Makamanda, msaidieni mama akae. Makamanda? Naona makamanda nao wanatazama tao.

(Nyanjige, bila kipaza sauti, lakini wote wanamsikia: "Mimi sikuja kukaa. Pamba yangu imejaa chumba kizima, watoto wanalala juu yake, wanaamka na nyuzi kwenye nywele. Kituo cha kununulia kinafungwa Jumamosi. Lori haliji kwangu, linaogopa korongo. Mkokoteni ninao, ng'ombe ninao, ringi sina. Nimekuja kuchukua ringi.")

Mayu, nakuelewa kabisa, lakini soko huria maana yake kila mtu yuko huru, na lori nalo liko huru. Aidha, siwezi kusema kitaalamu kwamba chuma fulani ni cha mtu fulani, kwa sababu malighafi ikishaingia kwenye mradi hupoteza uraia wake. Chuma ni chuma. Hakuna awezaye kusema hiki ni changu.

(Nyanjige anapanda juu ya ndoo, anakwangua rangi ya tao kwa ncha ya jembe. Chini ya kijani panatokea alama: duara dogo na mikato mitatu. Mtu anapaza sauti: "Hiyo ni alama ya ng'ombe wa kwake!" Nyanjige: "Mume wangu alizipiga chapa kama anavyopiga ng'ombe. Alisema gurudumu nalo linaweza kupotea malishoni." Kelele.)

Utulivu! Naomba utulivu! Alama hiyo inaweza kuwa ya kiwandani...

(Nyanda: "Kiwanda gani? Tao nimelikunja mimi! Uliniambia wenye ringi wamekubali. Nikaielekeza alama yake upande wa nje, mayu aione akija. Dereva wako akapaka rangi mara tatu." Malimi: "Niliambiwa mara tatu!")

Malimi, kaa kwenye gari.

Ndugu wananchi, hotuba nzuri hujua mahali pa kuishia, na naona nimefika karibu na hapo. Kabla ya shukrani, tuamshe ari kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Chuma!", ninyi mtajibu "Kiviringe!" Chuma!

(Umati: "Kirudi!")

Hapana, "kiviringe". Tujaribu tena. SHUVUMI!

(Umati: "Ringi!")

Mbele kwa mbele!

(Umati: "Nyumbani kwa mayu!")

Ahsanteni kwa ari hiyo, ingawa imeelekea upande mwingine. Sasa shukrani. Kwanza nawashukuru wafadhili, ambao barua yetu ya kuwaomba wafadhili iko tayari kupelekwa posta. Nawashukuru wachoraji wa michoro saba, ambao wote, kwa umoja wao, waliichora mashine wasiyoiona. Nawashukuru wenye mikokoteni tisa kwa ringi kumi na nane, ambazo sita zimo kwenye tao, kumi zimo kwenye fremu ya kivuli, moja imo kwenye kiti changu, na ya mwisho imeshika kipaza sauti hiki. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi Nyanda, ambaye kwa mashine yake ya rola tatu, aliyoiunda mwenyewe nyuma ya nyumba yake kwa mihimili ya trekta bovu na skrubu ya jeki ya lori, alizikunja na kuzikunjua ringi zote hizo kwa asubuhi mbili, kwa malipo ya ugali na maziwa, wakati sisi tukiwa kwenye warsha ya kujadili iwapo jambo hilo linawezekana. Bila mashine ya Nyanda, uzinduzi wa mashine yetu, ambayo haijapata kuwepo, usingefana namna hii. Wabeja sana.

(Umati unasimama wote kwa pamoja.)

Mbona mnasimama? Wimbo wa kufunga bado. Baba Paroko, na wewe? Mchungaji, teremka kwenye hiyo ngazi! Wanangoma, hizo ni nguzo za kivuli, kivuli kinaniangukia... Taratibu na hilo tao, taratibu, spika imefungwa hapo! Mayu, kata waya kwanza, usivute, usi...

(Spika inanyamaza. Turubai la kivuli linateremka juu ya meza kuu. Tao linapita juu ya vichwa vya watu kuelekea kwa Nyanda, Nyanjige akiwa mbele ameshika mwisho wenye alama. Watu wawili wanamwomba mkurugenzi anyanyuke kidogo, wanachukua kiti. Mwingine anachukua chuma kilichoshika kipaza sauti. Mkurugenzi anabaki amesimama, kipaza sauti kisicho na sauti mkononi, na sehemu hii ya hotuba haikuwa kwenye karatasi.)

Nyanda! Fundi! Ngoja kidogo, kaka. Unasema zitakuwa tayari lini?

(Nyanda: "Za mayu leo jioni. Kesho alfajiri pamba inaondoka. Za wengine Jumamosi.")

Sawa. Sawa kabisa. Nilikuwa nauliza tu, kwa sababu... mkokoteni wangu mimi, kule kijijini Kiloleli, ringi yake moja ina umbo la yai. Nikileta Jumatatu?

(Nyanda, bila kugeuka: "Lete. Lakini ije na alama yako, mkurugenzi, isije ikapoteza uraia.")