Hatua Nne Chini ya Masale

Jumatatu, 3 Februari

Nimeuza shamba! Bado, lakini karibu. Ni kile kipande cha chini, kuanzia mstari wa masale, ile mimea ya mpaka, hadi mferejini. Mnunuzi anaitwa Godbless, kijana mpole wa mjini anayetaka kujenga.

Sababu ni paa. Linavuja juu ya kitanda, upande wa marehemu mke wangu Lydia. Mimi nalala upande mkavu, lakini sipendi kuona upande wake ukilowa. Binti yetu Aika amesema lisipotengenezwa kabla ya masika, nitahamia kwake Sekei. Kwa Aika kuna vigae hadi jikoni. Niliteleza Krismasi mbili mfululizo.

Leo nimekwenda kwa wakili, Bi Ndeshi. Akaniamkia vizuri, kisha yakaanza maswali. Shamba la nani? Langu. Mke anaridhia? Nikasema hajawahi kunikatalia jambo. Akasema basi aje asaini. Nikasema yupo kule juu, karibu na migomba, mwaka wa tatu sasa. Akasema si mbali, aje tu. Ikabidi nieleze kwamba ni kaburi. Akavua miwani.

Sasa anataka cheti cha kifo, karatasi yangu ya zamani ya kununulia, na saini za majirani wote wa kipande kile. Nimeandika yote nyuma ya bahasha. Nimefika nyumbani Akheri sijui lipi lilikuwa swali na lipi jibu.

Jumanne, 4 Februari

Cheti kimeonekana ndani ya Biblia, pamoja na karatasi ya sokoni kwa mwandiko wa Lydia. Chumvi. Kiberiti. Pipi za Sifaeli, asione. Sifaeli ni mimi. Nimekaa nayo mpaka chai ikapoa.

Tatizo ni mti. Lydia alikula parachichi sokoni Tengeru, akafunga kokwa kwenye leso, akaja kuipanda. Sasa ni mti mkubwa. Umesimama hatua nne chini ya masale, maana yake unauzwa na shamba.

Ningeweza kumwambia Godbless. Lakini mzee mzima kumlilia kijana kwa sababu ya mti? Hapana. Nina mbinu. Masale yakishuka hatua nne na zaidi kidogo, mti utabaki kwangu. Isale halisemi lilipandwa lini.

Jumatano, 5 Februari

Majirani wawili wamesaini. Wa tatu ni Naftali.

Na Naftali hatusemezani mwaka wa kumi na moja. Ng'ombe wake alikula kabichi za Lydia. Nilisema maneno mlangoni mwa kanisa kuhusu ng'ombe na mwenye ng'ombe, zaidi kuhusu mwenye ng'ombe.

Mbinu ya pili: karatasi ya shamba nimeificha chini ya orodha ya watakaozibua mfereji, nikampa mkewe ampelekee. Mtu akishasaini moja, mkono unaendelea wenyewe.

Haukuendelea. Naftali husoma mpaka karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Orodha ya mfereji kaisaini. Kwenye ya shamba kaandika: Njoo mwenyewe.

Siendi.

Jumapili, 9 Februari

Kengele ya kwanza imelia nikiwa kitandani, naumwa kichwa. Ya pili imelia nikiwa na jembe. Akheri nzima ilikuwa ibadani. Nani angeniona?

Nimechimba mashimo kumi na mawili upande wa chini wa mti. Kisha nikapanda kule juu kung'oa masale, moja moja. Mizizi yake ina ubishi kuliko wazee wa kanisa. Nikayakumbatia yote kumi na mawili, nikashukia njia ya pembeni, inayopita mpakani mwa Naftali, kwa kuwa katikati panateleza.

Naftali huyo hapo! Mguu umemvimba, hakwenda kanisani. Akayatazama masale. Nami nikayatazama. Kila mtu huku Meru anajua: isale ni mpaka, lakini ukimwendea mtu na jani lake umekwenda kuomba msamaha, na hawezi kukukatalia. Mimi nilikuwa nimelisahau hilo kabisa.

Akavua kofia.

"Jani moja lingetosha, Baba Aika," akasema. "Wewe umeleta zigo."

Nikasema ndiyo. Akalia kidogo. Nami nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Kisha akaniambia jambo. Miaka yote ile ya ugomvi, kila msimu Lydia alikuwa akimwekea maparachichi mawili juu ya lile jiwe bapa lililo juu kidogo ya mti. Tangu afariki, jiwe ni tupu. Na mimi nilikuwa nikiwalaumu popo! Lydia alikuwa akinisikia nikiwalaani popo, anaendelea kumenya ndizi.

Naftali amesaini bila kusoma. Masale ameyachukua yote. Jioni nimeona ameyapanda mbele ya mlango wake, yamependeza.

Kwa hiyo sasa nina saini zote, na sina mpaka.

Jumanne, 11 Februari

Wamekuja kukagua: Godbless, Bi Ndeshi na mwenyekiti wa kitongoji. Naftali naye kaja na fimbo yake kunisindikiza, kama rafiki.

Bi Ndeshi akauliza mpaka uko wapi. Palikuwa na mistari miwili ya mashimo, wa juu na wa chini. Akauliza ni upi. Nikasema wa chini. Naftali akasema, kwa sauti ya kunisaidia, kwamba ni wa juu, anaujua tangu utoto, na masale yenyewe yako kwake kama kuna anayetaka kuyaona.

Mwenyekiti akakohoa. Godbless akauliza, kwa heshima, kama shamba lina mgogoro. Naftali akamjibu asiwe na wasiwasi, mgogoro ulikwisha Jumapili.

Godbless amejitoa.

Kabla hawajaondoka aliniuliza mashimo ya chini yalikuwa ya nini. Nikasema ukweli wa mti. Bi Ndeshi akanitazama kama muuguzi.

"Baba yangu, hilo lingeandikwa kwa mstari mmoja."

Godbless akasema yeye hata parachichi hali.

Bi Ndeshi kaniachia wosia: mambo ya ardhi sema unachotaka, yaandikwe, mashahidi wasaini, na mpaka usiguswe. Nimeandika nyuma ya bahasha ileile, pembeni.

Aika amepiga simu. Ameshanitandikia kitanda Sekei.

Ijumaa, 14 Februari

Paa limezibwa! Naftali kaleta mabati ya banda lake la zamani na tumeyapigilia wenyewe, upande wa Lydia kwanza. Nimerudisha mto wake mahali pake. Aika ameambiwa akunje shuka.

Malipo ya mabati ni kwamba Naftali atalima kipande cha chini. Kwa muda gani? Mpaka tutakapoona. Hatukuandika kitu, tumeshikana mikono tu. Mashahidi wa nini, watu tuliosameheana? Akasema kuanzia jiwe la Lydia kwenda chini atalima yeye, juu ni kwangu. Nikasema sawa.

Nimeingia ndani ndipo nikakumbuka mti uko chini ya jiwe. Na alipokuwa akiondoka aliyatazama matawi akasema maharage hayapendi kivuli.

Ningemwuliza alikuwa na maana gani. Lakini urafiki wa siku tano ni mchanga, hauwezi kubeba mti.

Jiwe si kubwa. Nimelisukuma kwa mguu, limetikisika. Hatua nne tu, na zaidi kidogo.

Keshokutwa ni Jumapili. Kichwa kimeanza kuniuma.