Mhakiki na Mbuzi wa Akuac

Ronald aliposikia kwamba Mwalimu Kerubo, mkuu wa shule ya wasichana pale mtaa wa Munuki, Juba, anatafuta vitabu vya katuni ambavyo shujaa wake ni mwanamke, na kwamba hanunui kitu kisichohakikiwa, alitabasamu hadi magego yakapigwa na upepo. Kumbe kuna kazi ya maneno matupu na hakuna aliyemwambia! Kufikia jioni alikuwa mhakiki. Miwani aliazima kwa fundi cherehani.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Akuac, mchoraji aliyelelewa Eldoret akarudi Juba na rundo la nakala za kitabu chake cha katuni zisizo na mnunuzi.

"Dada, uhakiki mtamu ni mbuzi," Ronald alimwambia bila haya. "Uhakiki mchungu ni bure."

"Mbuzi mzima? Unahakiki kitabu ama unatoza mahari?"

"Sanaa ina gharama, dada yangu."

Akuac alikuwa na mbuzi mmoja tu, lakini shule ikikikataa kitabu, kuchora kwaheri. Akakubali. Ronald alipomrudishia nakala yake huku akiisifu, Akuac aliona kurasa bado zimegandamana vilevile zilivyotoka kwa mchapaji. Hata hivyo akaenda kumtafutia mbuzi kamba.

Siku ya kuhakiki kitabu mbele ya wazazi ikafika. Akina mama wamejaa uwanjani, mbuzi kafungwa kwenye ua wa shule. Ronald akainua kitabu juu, akawaonyesha msichana mrembo wa jaladani aliyekumbatia kapu.

"Akina mama, mtazameni shujaa wetu! Haki ya Mungu, nimelia. Binti zenu wote wawe kama yeye!"

Mwalimu Kerubo, ambaye kwa bahati mbaya huwa anasoma vitabu, akakohoa.

"Bwana mhakiki, huyo ndiye mwizi wa sadaka. Shujaa ni bibi yake, anayemkamata."

Loo! Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko.

"Wangu awe mwizi?" mama mmoja alipiga kelele. "Hebu leteni hicho kitabu nijionee!"

Nakala ziligombaniwa zikaisha, na mwalimu akaagiza nyingine za shule nzima. Akuac alirukaruka kama mtoto.

"Kalas, yamekwisha!" alisema. "Mbuzi achinjwe, tule wote!"

Ronald alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwa mbuzi. Mwalimu akamdaka kola.

"Wewe kaa hapa utusomee, kwa sauti. Ukimaliza, karibu nyama."

Akaanza kusoma huku amenuna. Kurasa chache mbele akasahau kununa. Baadaye alikuwa amesimama juu ya kiti, jasho linamtoka, akiiga sauti ya bibi.

Akuac akamhurumia. "Ronald! Nyama inaisha, kaka!"

"Nyamazeni!" alifoka, macho hayatoki ukurasani. "Bibi ameshafika mlangoni!"

Basi wakanyamaza, wakala.