Kufuli Kiunoni

Idara ya Mizigo Midogo ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba tatizo la kubeba kufuli la baiskeli limekwisha kabisa, na wananchi wote wanaombwa kufurahi kwa utaratibu.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye kila nguzo ya mji, zikiwemo nguzo ambazo watu hufungia baiskeli zao, na kwa hiyo wengi hawakuliona kwa sababu ya baiskeli. Aliyeliandika alikuwa Kaimu Katibu wa Idara, mtu mnyofu na mcha Mungu, ambaye jirani zake walimwita Ibara, kwa kuwa hata akiomba chumvi mezani alikuwa hana budi kutaja ibara inayomruhusu. Ukaimu wake ulikuwa wa siku nyingi. Mwanawe aliyezaliwa wiki ile alipoteuliwa sasa alikuwa anabadilika sauti. Kila alfajiri Ibara alipiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Ee Mola, wewe uliyezithibitisha mbingu, unithibitishe na mimi." Na mkewe, akiwa bado kajifunika shuka, alijibu, "Amina. Na akili umwongezee."

Tatizo la kufuli lilikuwa na historia yenye heshima. Mwaka uliotangulia Idara ilipiga marufuku mabegi kwa wapanda baiskeli, kwa sababu nzuri sana: begi likishafungwa, Serikali haioni ndani. Wananchi walitii. Ila walipotii, wakabaki na makufuli yao ya minyororo mikononi, na hawakujua pa kuyaweka. Wengine waliyavaa shingoni, na mgeni mmoja mashuhuri akauliza kwa upole kama hapa wafungwa huruhusiwa kwenda matembezi. Wengine waliyaning'iniza kwenye usukani, yakawa yanawagonga magoti kila wakikanyaga. Fundi bomba mmoja alionekana ameuma mnyororo wake kwa meno. Muuza mkate alishika kufuli kwa mkono huu na mkate kwa mkono huu, akawa anaendesha kwa imani.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa Kamati ya Ubebaji. Wajumbe wote walifika vikaoni kwa magari yenye madereva. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumiliki baiskeli, jambo lililoondoa kabisa upendeleo. Baada ya vikao vingi na chai isiyopungua vikao, kamati ilifikia uamuzi: kufuli litavaliwa kiunoni, likiwa limefungwa, kama mkanda.

Mke wa Ibara, aliyekuwa mkunga wa zahanati ya mtaa, aliusikia uamuzi huo akiwa jikoni anapiga pasi gauni lake la kazi.

"Baba watoto," alisema, "kamati nzima, wazee wazima, mmekosa kuona chini ya kiti? Mimi mnyororo wangu nauzungusha kwenye kile chuma chini ya kiti, naubana, naenda zangu. Ufunguo mfukoni. Kwani shida iko wapi?"

"Mama watoto, hilo la chini ya kiti lilijadiliwa," Ibara alijibu kwa subira. "Kufuli likipanda baiskeli linakuwa abiria. Baiskeli yako haina kibali cha abiria."

"Na likinikaa kiunoni?"

"Linakuwa vazi."

"Haya. Na ufunguo?"

"Hapo ndipo kamati ilipofanya kazi kubwa. Mfuko wa nguo, ukiuangalia kitaalamu, ni begi lililoshonwa. Kwa hiyo mpanda baiskeli hatakuwa na mfuko. Ufunguo wake utatunzwa na Serikali, kwenye Ofisi ya Funguo."

Mkewe alisimamisha pasi hewani. "Yaani mimi niitwe na mama mwenye uchungu, nifike nimejifunga mnyororo kama jambazi, na ufunguo wenyewe uko mjini?"

"Ndiyo maana kuna ofisi," Ibara alijibu.

"Angalia usichome hilo gauni," akaongeza Ibara, maana pasi ilikuwa imeshuka yenyewe.

Kilichomleta jikoni, hata hivyo, hakikuwa gauni. Uzinduzi ulikuwa kesho yake. Mheshimiwa Mkurugenzi mwenyewe angepanda baiskeli mbele ya watu, kufuli kiunoni, hadi Ofisi ya Funguo. Mambo yakienda vizuri, jioni ileile angetia saini barua ya kumthibitisha Ibara. Alikuwa amemwambia hivyo kwa mdomo wake, akichokonoa meno. Kilikosekana kitu kimoja tu.

"Idara haina baiskeli," alisema Ibara, akiangalia sakafu.

"Idara ya makufuli ya baiskeli haina baiskeli!"

"Makufuli tunayo."

Mkunga alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafuta macho, akawa na uso mwingine. "Nisikilize, mume wangu. Yule binti wa kule bondeni siku zake zimewadia. Ni uzazi wake wa kwanza na mtoto amekaa vibaya. Kule gari haliingii. Kesho nikiitwa nakuja kuchukua baiskeli yangu, hata awe ameikalia nani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Ibara, na alfajiri iliyofuata aliomba mara mbili: kwanza athibitishwe, pili binti wa bondeni avumilie hadi baada ya hotuba.

Siku ya uzinduzi viwanja vya Idara vilipambwa kwa turubai, viti vya plastiki na utepe. Wapanda baiskeli wa mji waliitwa wakae kwenye jua kali, wajumbe wa kamati wakakaa kivulini ili waweze kuwatazama vizuri. Kando, tayari kwa kazi, lilisimama lori la kukusanyia baiskeli zitakazoachwa bila kufungwa. Askari wa lori waliletwa kutoka kanda nyingine kabisa, ili wasije wakamwonea mtu haya. Mheshimiwa ndiye aliyewataka hivyo.

Mheshimiwa Mkurugenzi alikuwa mtu mkubwa kwa cheo na kwa mwili. Alipanda baiskeli mara ya mwisho akiwa na meno ya utoto. Ili kuwa mfano mwema, alikuwa amempa fundi cherehani suti yake mpya, na mifuko yote ilishonwa ikafungwa, hata kile kimfuko cha kitambaa kifuani. Simu, kalamu na kitambulisho vilikuwa mezani kwake ofisini, mahali panapostahili.

"Mheshimiwa sasa anavaa kufuli," alitangaza Ibara kwenye kipaza sauti, akifuata ratiba. "Makofi."

Watu walipiga makofi kama wanaofukuza nzi. Mnyororo ulizungushwa kiunoni, ukavutwa, Mheshimiwa akaambiwa asipumue, na kufuli likabana kwenye pete ya mwisho kabisa. *Ta!* Ufunguo ukapelekwa Ofisi ya Funguo, ng'ambo ya uwanja, kwa gari lenye king'ora.

"Bosi, unapumua?" muuza mkate aliuliza kutoka juani.

"Kidogo," Mheshimiwa alijibu, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la ukweli kwa siku ile.

Alipanda. Baiskeli ilikwenda kulia, ikafikiri, ikaenda kushoto, ikamkosa mjumbe mmoja aliyeruka na kikombe chake, na hatimaye ikafika mbele ya dirisha la Ofisi ya Funguo ikiwa imechoka kuliko aliyeikalia. Mheshimiwa alishuka, akaushika usukani, akatabasamu kwa wapiga picha.

"Mama, naomba ufunguo wangu."

Ndani ya dirisha alikaa mwanamke mwenye miwani, ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Mama Funguo. Aliinamisha kichwa akaitazama baiskeli.

"Karibu, Mheshimiwa. Umeifunga baiskeli?"

"Nitaifungaje, na kufuli hili hapa kiunoni?"

"Kweli, Mheshimiwa. Ila huduma anapewa aliyekwisha kufunga baiskeli yake. Imeandikwa ukutani."

"Nipe ufunguo, nifungue kufuli, nifunge baiskeli."

"Ukishafunga, nakupa mara moja. Hata foleni hakuna."

Kivulini wajumbe waliacha kutafuna. Ibara alijificha nyuma ya ratiba, kwa sababu alikuwa ameiandika kanuni hiyo mwenyewe kwa mwandiko mzuri, na kamati yote iliipitisha kwa kauli moja. Mtu yeyote aliyewahi kushuka baiskeli angeiona kasoro yake. Lakini hao, kama tulivyosema, waliepukwa kwa sababu ya upendeleo.

"Wewe mama unanijua mimi ni nani?" Mheshimiwa alinguruma.

"Nakujua sana, Mheshimiwa. Aliyekaa kwenye kiti hiki kabla yangu, dirisha hili likiwa bado la hati, alimpitishia mtu hati yake kwa sababu mtu huyo alikuwa na haraka. Ulimfukuza kazi palepale. Ulisema utaratibu hauna mkubwa. Mimi nina watoto wanne, Mheshimiwa."

Wapanda baiskeli wakaanza kusogea. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na nyuso za watu walio msibani.

"Bosi, si uiache tu hapo chini uingie ndani?" alisema muuza mkate kwa huruma.

Mheshimiwa aliliangalia lori. Askari mmoja alikuwa ameshashuka, anakunja mikono ya shati.

"Basi njoo wewe unishikie."

"Mimi tena! Bosi, ibara ya tisa. Kumshikia mwenzio baiskeli ni ulinzi bila kibali. Si ulituambia wewe mwenyewe redioni?"

"Ibara!" Mheshimiwa aliita, na hakuwa anaita ya tisa. "Njoo hapa. Shika hii baiskeli."

Ibara alienda akiwa na kipaza sauti mkononi. Mheshimiwa alimvuta karibu, akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa kimewashwa na mji mzima ukasikia.

"Ishike, na nakuthibitisha leo. Sasa hivi."

Ibara alifumba macho. Ombi la alfajiri zote za miaka yote lilikuwa limesimama mbele yake likiwa limevaa mnyororo. Angeweza kunyoosha mkono tu. Akafumbua macho.

"Mheshimiwa, nikiishika nimevunja kanuni, na mtumishi aliyevunja kanuni hathibitishwi. Nisipoishika, nimekukataa, na hapo pia sithibitishwi. Halafu kalamu yako iko ndani."

Hapo ndipo watu walipopisha njia. Mkunga alikuwa anakuja mbio, viatu mkononi, gauni limepandishwa hadi magotini.

"Baba watoto! Uchungu umeanza tangu asubuhi, na mguu umetangulia! Nipe baiskeli yangu."

"Mama, hafla bado inaendelea," alisema Mheshimiwa, akiushika usukani kwa nguvu. "Kaa juani pamoja na wenzako."

"Shemeji yangu, mtoto hajasoma ratiba. Achia."

Mheshimiwa hakuachia. Mkunga alimgeukia mumewe. Ibara aliangalia kivuli chenye wajumbe, akaangalia ile mikono minono juu ya usukani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akafanya jambo bila kutafuta ibara yake: aliviondoa vidole vya Mheshimiwa, kimoja kimoja, kama mtu anayemenya kitu.

"Nenda, mke wangu. Mungu akutangulie."

Mkunga alivitundika viatu kwenye usukani, akapanda, akapiga kengele mara moja, akawa hayupo.

Sasa Mheshimiwa alibaki amesimama katikati ya uwanja, na askari aliyekunja mikono ya shati akafika. Alimzunguka. Alimtazama kiunoni. Alikuwa kijana makini, na alikuwa na swali moja tu alilofundishwa.

"Mzee, kufuli ninaliona. Baiskeli iko wapi?"

"Imechukuliwa na mwenyewe."

"Ahaa. Kwa hiyo haikuwa yako." Askari akamwita mwenzake kwa kidole. "Na kabla mwenyewe hajaja, ulikuwa umeishika wewe?"

"Mpumbavu wewe, mimi ni Mkurugenzi!"

"Wote tunaowakamata ni wakurugenzi. Kitambulisho?"

Mheshimiwa alipapasa mfuko wa kifua, wa kiunoni, wa nyuma. Yote ilikuwa imeshonwa vizuri. Fundi yule alikuwa hodari. Askari wakatazamana. Mtu anayejipapasa namna hiyo walishamwona mara nyingi.

"Ibara! Waambie!"

"Ni kweli," Ibara aliwaambia askari, kwa sababu hakuwa mtu wa uongo. "Huyu ndiye Mkurugenzi wa Idara."

"Bwana Katibu, usimfiche mhalifu kwa huruma," askari alimjibu kwa heshima. "Mkurugenzi ana gari. Huyu ana mnyororo."

Walimpandisha kwenye lori. Ilihitaji watu wengi, na wapanda baiskeli walisaidia kusukuma, jambo ambalo halikukatazwa popote. Wajumbe wa kamati hawakuinuka, kwa kuwa akidi haikuwa imetimia. Kutoka kati ya vyuma vya lori ilisikika sauti: "Nitawafukuza wote! Ibara, hutathibitishwa mpaka kaburini!"

Mama Funguo alichomoza kichwa dirishani.

"Mkurugenzi akiwa hayupo, kwa utaratibu anakaimu nani?"

"Katibu," walijibu wajumbe kwa pamoja, na huo ukawa uamuzi wao wa haraka kuliko wote waliowahi kuufanya.

Ibara aliusikiliza ukaimu huo mpya ukimshukia mabegani, juu ya ule wa zamani. Njia za Mola, alifikiri, hazipitii kamatini. Kisha akaiangalia ratiba, akakuta imebaki sehemu moja, akainua kipaza sauti.

"Mheshimiwa sasa anaondoka."

Hakuwahi kulifikia neno "Makofi". Makofi yalilipuka yenyewe, na vigelegele, na kengele za baiskeli uwanja mzima, na hata baada ya lori kupotea kwenye kona bado watu walikuwa wanapiga.

"Kaimu Mkurugenzi," Mama Funguo aliita kelele zilipotulia, akiwa ameinua kitu kidogo kinachong'aa. "Na huu ufunguo wake?"

"Utunze vizuri," alisema Ibara. "Akirudi na baiskeli iliyofungwa, mpe mara moja."