Nilivyokunywa Ripoti ya Antena

Wandugu wa promosheni, mliomaliza shule pamoja nami, leo nimejiaibisha. Sikusaidiwa na mtu. Kazi yote nimeifanya mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe.

Naandika nikiwa nimelala kitandani hapa Kitchanga, kando yangu kuna kopo la maji ya chumvi na sukari. Mkiona nimekatisha habari katikati, msinitafute. Nitarudi.

Wengi mnamjua Denise wangu. Kwa wasiomjua: ndiye ninayetaka kumuoa, na Jumamosi ijayo wazee wangu wanapeleka ng'ombe wa mahari kwao Burungu. Mama yake, Mama Denise, ni prezida wa koperative, yaani ushirika, ya akina mama wanaotengeneza fromaji (jibini). Akina mama hao wanatafuta kiwanja cha kujenga nyumba yao ya kazi, na wamepata kimoja mlimani, chenye chemchemi yake. Fromaji inataka maji mengi: ya kuosha mikono, ya kuosha vyombo, ya kuosha hata fromaji yenyewe. Maji yakiwa mabaya, jina lao limekwisha.

Mama Denise akaniita. "Justin, weye njo ulisomaka mambo ya mazingira kule Goma. Utuangalilie ile kiwanja mbele tuikamate." Yaani nikikague kabla hawajakichukua.

Nilivimba kichwa, siwafichi. Mkwe gani anapewa heshima kama hiyo kabla ya ndoa?

Mtu mwenye akili angevaa buti, angepanda mlima, angechota maji kwenye chupa na kuyapeleka yapimwe. Mimi nikakumbuka kwamba rafiki yangu mmoja ana ripoti ya mazingira ya mlima uleule. Kurasa nyingi! Ramani ya rangi! Mihuri! Iliandikwa kwa ajili ya watu waliotaka kusimika mnara wa simu pale, yaani antena, halafu wakaghairi. Ilisema udongo ni imara, hakuna dalili ya uchafu, na chemchemi ya karibu ina maji maangavu. (Nilisoma muhtasari na hitimisho. Katikati nilitazama picha.) Mwanzoni kabisa palikuwa na maneno kwamba ripoti hii ni ya walioiagiza tu, kwa kazi ile tu. Nikasema hayo ni mambo ya wanasheria, nao wanatafuta mkate wao.

Denise aliniuliza kwenye simu, "Ile rapport ni ya lini?"

"Haiko ya zamani sana," nikamjibu. (Milima haizeeki, nilijiambia.)

Basi leo asubuhi nikapanda moto (pikipiki) hadi Burungu, nimevaa shati jeupe na viatu vya kanisani. Akina mama walikuwa wameshafika mlimani, vitambaa kichwani, wamejipanga kuzunguka chemchemi. Denise naye alikuwepo. Mwenye kiwanja alikuja pia, mzee anayeishi Goma ambaye hakuwa amekanyaga pale siku nyingi. Nikafungua ripoti. Nikasoma kwa sauti ya padri wa Pasaka. Nilisifu ule udongo mpaka mwenye kiwanja akaanza kuutazama upya, nikaogopa atakataa kuuachia.

"Na maji?" akauliza Mama Denise.

"Maji iko propre, iko safi, Mama. Njo rapport inasema."

"Uko na hakika?"

"Mama, hii ni sayansi."

Hapo akadakia Mama Zawadi. Huyu ni mtunza funguo wa koperative, mama mmoja anayependa utani kuliko chakula. "Kama iko propre, basi kunywa tuone!"

Wakacheka. Ningecheka nao, mambo yangeishia hapo. Lakini Denise alikuwa ananitazama. Nikaomba kopo, nikachota, nikanywa lote. Yalikuwa na ladha kidogo, kama ya majani. Nikajiambia ni madini. Akina mama wakapiga makofi na vigelegele, nami vigelegele vikanipanda kichwani. Nikachota kopo la pili. (Hakuna aliyeniomba!) Nikachota la tatu, nikalishika mkononi kama mbunge, nikaanza hotuba juu ya usafi wa maji ya Masisi yetu.

Ndipo tukasikia, juu yetu, nyuma ya kichaka: "Mbuuu."

Sote tukageuka. Ng'ombe mmoja alitokea, akafuatwa na ndugu zake, wakashuka polepole hadi kwenye kijito kinachoingia kwenye chemchemi ile. Mmoja akasimama katikati ya maji. Akatutazama. Akainua mkia.

Wandugu, ripoti ile iliandikwa kabla watu wa upande ule hawajakimbia vita na kurudi. Pale ramani ilipoonyesha msitu, miti ilikuwa imeshageuka makaa, na wafugaji walikuwa wamejenga zizi lao hapo juu. Antena ingesimama tu na kutazama mbali. Mimi nilikuwa nimeshakunywa.

Mama Zawadi akaniuliza kwa upole mbaya sana, "Justin, na ile ngombe nayo iko mu rapport?"

Nikaanza kufungua kurasa. (Naapa, nilifungua kurasa. Nilimtafuta ng'ombe.)

Hii ingetosha kuwa aibu ya mwezi mzima. Lakini akina mama walikuwa wamepanga kwenda kwa Mama Denise kula bugali na maharagi, halafu wakate shauri. Nilitaka kuaga. Mama Denise akasema, "Hapana, mukwe. Conclusion bado."

Tulipofika kwake, tumbo langu likaanza kutoa maoni. Mwanzo lilinong'ona. Maharagi yalipoletwa, likapaza sauti. Na mnajua desturi yetu: mkwe ambaye ng'ombe wake hawajafika haombi choo ukweni. Anakula kidogo, anacheka kidogo, anaaga mapema. Marehemu bibi yangu alinifundisha hayo kwa fimbo. Nikakaza miguu. Jasho likanitoka mpaka shati jeupe likanata mgongoni. Nilimwomba Mungu mambo mengi, na yote yalikuwa jambo moja.

"Justin," akasema Mama Denise, "simama utupatie conclusion."

Kusimama ndiko kulikoniua.

"Conclusion ni kwamba..." nikasema, na nikakimbia.

Choo kiko mwisho wa ua, na njia ya kwenda huko inapita katikati ya mikeka ya akina mama. Niliruka sahani ya mtu. Nilifika, nikashika mlango. Umefungwa! Ndani redio inasoma habari.

"Kuko muntu," ikajibu sauti nzito.

Papa Denise. Baba mkwe mwenyewe.

"Papa, naomba..."

"Ni nani?"

"Ni... ni mukwe."

Redio ikapunguzwa sauti. "Mukwe gani?"

"Justin, Papa! Wa Denise!"

Ua mzima ulikuwa umegeuka kututazama. Hata kuku. Papa Denise akatoka bila haraka, anafunga mkanda, redio begani, akaona ni mimi. Na kwa kuwa ni mzee mwenye adabu zake, akanipa mkono, akanisalimia kama inavyopasa.

"Karibu, mukwe. Habari ya Kitchanga?"

"Muzuri, Papa."

"Wazee wako wazima?"

"Wako wazima, Papa."

"Na ile mvua ya jana, kwenu ilinyesha?"

"Papa, kwetu inakuja sasa hivi!"

Nikaingia. Yaliyotokea humo sitayaandika. Niseme tu kwamba choo kile kimejengwa kwa mabati, na mabati hayatunzi siri.

Nilipotoka, Denise alikuwa amesimama na maji ya kunawa na sabuni. Hakunitazama usoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilifikiri analia kwa ajili ya ndoa yetu. Maskini mimi! Alikuwa anacheka mpaka ameshindwa kushika birika.

Akina mama walikuwa wameshakata shauri bila conclusion yangu. Kiwanja hawakichukui, mpaka maji yapimwe upya.

"Tungetengeneza fromaji na ile maji," akasema Mama Denise, "Kitchanga yote ingekuwa mu foleni pa musalani. Justin, ile rapport walifanyaka juu ya nini?"

Nikatazama viatu vyangu vya kanisani. "Juu ya antena, Mama."

Akaweka sahani yake chini. Nikajua sasa ananirudishia ng'ombe wangu kabla hawajatoka zizini.

"Mwanangu," akasema, "antena haina tumbo."

Wakaanguka chini kwa kicheko, Mama Zawadi akalala kabisa juu ya mkeka. Mimi moyo ulinipiga kwa neno moja tu: aliniita mwanangu. Halafu akanipa kazi. Jumatatu nivae buti, nichote maji kwenye chupa, nifuate kijito hadi kinakoanzia, niulize nani anaishi juu na nani alihamia. Mvua zikizidi nirudi tena. Na nisinywe kitu.

Papa Denise alikuwa na neno lake, kutoka kwenye kiti chake, redio sikioni. "Mukwe ameisha kuingia musalani mbele ya ngombe kuingia mu lupango. Ataongeza moja. Lakini asitoe ile ya kule mulimani." Yaani nimeingia chooni kabla ng'ombe hawajaingia uani, na faini yake ni ng'ombe mmoja.

Basi Jumamosi safari ya ng'ombe iko palepale, mmoja zaidi. Tafadhali msicheke. Na ukipewa ripoti ya mtu mwingine, uliza kwanza iliandikwa kwa ajili ya kiumbe chenye tumbo au kisicho nalo.

Samahani, narudi sasa hivi.