Fairmont ya Mjomba Haijaona Bahari

Jumanne, 30 Septemba 2025

Siku kumi na moja kabla ya harusi. Leo nimemaliza viti. Nimesimama kwenye mlango wa gari robo saa nzima nikivitazama. Mahameli nyekundu iliyokolea, mishono miwili miwili, vifungo vya shaba. Sijui kama Johannesburg nzima ina mshonaji mwingine mwenye mkono huu. Nadhani haina.

Niandike ukweli, maana daftari hili nalisoma mwenyewe. Ni Ford Fairmont GT ya mwaka 1971, ya njano, injini V8. Nikiiwasha hapa uani kwangu, mtaa wa Observatory, vikombe vya jirani vinagongana kabatini. Niliipata Durban kwa bwana mmoja aliyetaka kuitupa. Nilimpa cherehani yangu ya pili na suti tatu. Alikata tamaa kwa sababu siku ya dhoruba bahari iliingia kwenye gereji yake, gari likalala siku tatu kwenye maji ya chumvi. Siku tatu tu! Watu hawana subira.

Gari hili ni la Victoire, mtoto wa dada yangu Marthe. Siku tuliyofika mji huu kutoka Kongo, tulitoka kituo cha mabasi kwa miguu, mizigo kichwani, yeye akiwa na miaka saba na baba yake ameshafariki. Alilia kwa uchovu. Nikamwahidi kwamba siku atakayoolewa atapanda gari la mjomba wake, tena la mbele kabisa. Sasa anaolewa na Simiyu, Mkenya, mwalimu wa chuo, kijana mpole. Ahadi iko palepale.

Kuhusu bahari sijamwambia mtu. Nimesema gari lilikuwa la daktari mzee wa Pretoria aliyeliendesha Jumapili tu, kwenda kanisani.

Alhamisi, 2 Oktoba

Amekuja Duni, makanika kutoka Tanga mwenye karakana yake mtaa wa Kensington. Kwake sikuweza kudanganya. Alilala chini ya gari, akachomeka bisibisi kwenye sakafu, nikaiona ikichungulia ndani, mbele ya kiti cha nyuma.

Akasema chumvi haiondoki kwa kupaka rangi. Ning'oe viti na zulia, nioshe gari lote kwa maji ya bomba, sakafu ikatwe, bati jipya lichomelewe. Wiki tatu. Nikamwambia harusi ni tarehe kumi na moja. Akasema basi bibi harusi atafutiwe gari lingine. Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi tangu Bukavu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba ni fundi wa suruali.

Wivu. Nimeshauzoea.

Alipoondoka tu nikapata dawa. Turubai! Tabaka tatu juu ya sakafu, zulia jekundu juu yake, vyote nimevishona kwa uzi wa nailoni kwenye vyuma vya viti. Nimeruka juu yake mara tano. Bati lililia kidogo. Mshono haukujali.

Jambo jingine dogo: nikikata kona kwenda kushoto, honi inalia yenyewe. Duni alisema ni chumvi kwenye nyaya. Sawa, lakini msafara wa harusi usiopiga honi ni mazishi. Nimeiacha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mwaniki! Rafiki wa bwana harusi, mtu wa benki, mwenyekiti wa kamati yao ya harusi. Hawa Wakenya hata chai hawanywi bila kamati. Ana gari kubwa jipya, jeupe kama jokofu, na tangu mwanzo anataka litangulie. Leo amekuja "kukagua".

Amezunguka Fairmont mara mbili. Amegonga milango. Akaniuliza, "Mzee, hii gari iko sawa kweli?" Nikafungua mlango wa nyuma. Alipoona mahameli aliipapasa. Akainama kuinua zulia, likakataa, maana nimelishona. Akasema hajawahi kuona zulia la gari limekaa imara namna hiyo. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya kwetu.

Kamati imepitisha. Fairmont mbele, jokofu nyuma yake. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumapili, 5 Oktoba

Balaa. Baada ya ibada nilimpandisha Marthe aonje kiti. Jua lilikuwa kali na vioo vilikuwa vimefungwa. Akavuta pumzi mara mbili. "Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake mkubwa, "mbona hii motokari inanuka samaki?"

Nilisema labda daktari alipenda samaki. Marthe akatikisa kichwa. Akasema gari la mtu wa Pretoria, ambalo halijawahi kuona bahari, haliwezi kunuka bahari bure. Kuna kitu. Mtu ametuma kitu ili mtoto wake asifike kanisani.

Ningeweza kusema ukweli palepale. Nilifungua kinywa. Halafu nikaona uso wa Mwaniki, pale pembeni, akisikiliza na funguo zake mkononi. Nikafunga kinywa.

Marthe amempigia Mama Denise, kiongozi wa waombezi. Jumatano wanakuja kulitakasa gari. Nimeona ni vizuri. Sala haijawahi kuharibu gari.

Jumatano, 8 Oktoba

Wamekuja wanawake sita, na ndoo tatu. Nikauliza ndani ya ndoo kuna nini. Mama Denise akasema ni maji yaliyoombewa, na chumvi ya mawe, kilo mbili kila ndoo.

Chumvi. Miezi saba nimesugua chumvi kwenye gari hili kwa msasa, kwa mswaki, kwa kucha. Nikasema labda tutumie mafuta kidogo tu, kwenye usukani. Mama Denise akaniuliza mtu anayeogopa chumvi ya maombi anaficha nini. Marthe akanitazama. Victoire naye alikuwepo, amekuja kujaribu kama gauni litaenea kwenye kiti. Alinitazama pia, kwa namna ambayo sikuielewa.

Nikasema, "Amina."

Ndoo ya kwanza injini. Ndoo ya pili buti. Ya tatu waliimwaga yote kwenye zulia, huku wakikanyagakanyaga na kuimba. Turubai langu ni zuri sana: halikuvujisha hata tone. Maji yote yamebaki mlemle ndani.

Lakini harufu ya samaki imepungua. Marthe analia kwa shukrani. Nimejisikia mkubwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zulia bado limelowa. Nimelipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni ya Marthe mpaka mashine ikafa. Mahameli imetoa michirizi myeupe ya chumvi. Nimeipitishia uzi wa fedha juu yake, sasa inaonekana ni nakshi. Duni amepita, akabonyeza sakafu kwa kidole, akasema imekuwa biskuti iliyochovywa kwenye chai. Akaniomba, safari hii bila mzaha, nisimweke mtoto humo.

Kwa mara ya kwanza niliogopa. Nikakaa kiti cha nyuma peke yangu. Nikamkumbuka Victoire wa miaka saba na vile viatu vyake vilivyochanika. Nikaongeza mshono mwingine.

Jumamosi, 11 Oktoba

Harusi!

Tulimchukua Victoire nyumbani kwao Hillbrow saa nne. Ghorofa nzima ilitoka madirishani. Akaketi kwenye mahameli, gauni limejaa kiti chote, nikafunga mlango mwenyewe. Tulipopita Yeoville watu walitoka madukani kuangalia. Kila kona ya kushoto honi ililia, na magari yote kumi na moja nyuma yakajibu. Mwaniki pia alipiga. Sijawahi kujivunia kitu namna ile, na nina miaka hamsini na tatu.

Ilikuwa kwenye roboti ya mwisho, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa, chini ya kile kilima cha kwenda kanisani. Taa nyekundu. Nikasimama taratibu. Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo, kama kitambaa kikichanwa, lakini kilikuwa chuma. Sakafu ya nyuma iliondoka yote.

Sasa liandikwe hili: mshono haukuachia. Hata mmoja. Zulia lilishuka na miguu ya Victoire ndani yake, likaning'inia chini ya gari kama mfuko wa viazi, likagusa lami na kutulia. Maji ya Mama Denise yakatiririka barabarani. Mtoto hakuchubuka hata ukucha.

Mwaniki akaja mbio. Akachungulia chini, akaona miguu ya bibi harusi, akakosa Kiswahili. Kisha akafungua mlango wa jokofu lake na kusema bibi harusi apande haraka. Nilitamani kuingia mimi kwenye lile zulia na kushonwa humo.

Victoire alitoka, akatikisa gauni, akatazama kanisa pale juu. "Sharp, mjomba," akasema, kama vijana wa hapa wanavyosema sawa. "Tutembee." Akanishika mkono.

Marthe akapiga kigelegele. Mama Denise akavua kitenge chake cha juu, akakitandika barabarani, wengine wakafuata, vitenge vikawa vinapokezana mbele yetu mpaka mlangoni. Magari yalisimama. Wakenya wote walitoa simu. Nilisikia Mwaniki akimweleza mtu kwamba ndiyo mila ya Wakongo, mjomba huteremka garini na kumfikisha mtoto kwa miguu. Sikumsahihisha. Nililia wazi mbele ya watu.

Katikati ya kilima Victoire alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na ganda dogo la konokono wa baharini. Alilikuta kwenye kisahani cha majivu ya sigara mle garini siku ile ya ndoo. Akasema alijua tangu hapo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa na furaha, mjomba. Na mimi nilitaka gari la mbele." Akaniwekea lile ganda mfukoni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Duni ameivuta Fairmont mpaka karakana yake. Ameniuliza kama sasa nimeelewa habari ya chumvi. Nimemwambia nimeelewa vizuri. Chuma kiliachia, kitambaa kilishika. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa kuweka tabaka tatu badala ya sita. Alikaa chini kwenye tairi, akashika kichwa. Ndivyo watu wanavyopokea mambo mapya.

Mwaniki naye amepiga simu. Dada yake anaolewa Desemba, anaomba gari na ile mila ya kutembea. Mwenyekiti wa kamati ananiomba mimi! Nimesema nitaangalia ratiba.

Kisha nikampigia yule bwana wa Durban. Ana rafiki mwenye Mustang ya mwaka 1968, nyekundu. Nimeuliza maswali yote ya kitaalamu, safari hii sitaki mchezo. Imelala baharini siku mbili tu. Mama Denise nimeshamwarifu aandae ndoo.