Mzee Chaki Aingia Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule ametukusanya chumba cha walimu wakati wa mapumziko, chai ikiwa bado ya moto. Katangaza mambo mawili. Kwanza, kuanzia wiki hii kila mwalimu afundishe kwa mtandao, na Ijumaa anakuja mkaguzi kuangalia. Pili, mwalimu wa taaluma anastaafu. Atakayemridhisha mkaguzi ndiye atakayekalia kiti chake.

Kiti hicho ni changu. Nimefundisha Jiografia hapa tangu ukuta wa nyuma haujajengwa. Wanafunzi wananiita Mzee Chaki, na mimi nalichukulia jina hilo kama cheo.

Mpinzani ni mmoja tu: mwalimu wa Hisabati, kijana aliyeajiriwa juzijuzi. Wanamwita Bando, kwa sababu hajawahi kuishiwa bando la intaneti. Hutembea na kompyuta kwapani kama mtu aliyebeba kuku asimtoroke. Leo, mbele ya wote, kajitolea kunifundisha. Kwa upole kabisa. Ule upole ndio ulionichoma. Nikamjibu kwamba mambo hayo nayajua siku nyingi, ila sipendi kujionyesha.

Kwa hiyo hadi Ijumaa inabidi niwe nayajua. Au nionekane nayajua. Hilo la pili lina kazi ndogo zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo ya walimu wote kwa mtandao, kila mtu kwake, baada ya chakula cha mchana. Mkufunzi ni Bando. Nani mwingine.

Mpango wangu: niingie, nizime kamera, nibakize picha yangu nikiwa na tai, halafu nijinyooshe kwenye kochi. Mpango umekwenda vizuri sana. Nimelala usingizi wa haja.

Kumbe nilizima kamera, kipaza sauti sikukizima. Mkuu wa shule kanipigia simu jioni. Anasema nilikoroma tangu salamu za ufunguzi hadi Bando alipofika mahali pa kueleza jinsi ya kuzima kipaza sauti. Waliniita wote kwa pamoja. Aliyewaitikia ni mke wangu. Kawaambia wapaze sauti zaidi, mimi nikishiba huwa hivyo.

Nimemweleza mkuu kwamba nilikuwa napima sauti. Kanitakia usiku mwema.

Mke wangu anasema ningeweza tu kumwomba yule kijana anielekeze. Nimemwambia hajui siasa za chumba cha walimu. Kasema hazijui, lakini kukoroma anakujua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na ari. Nimetunga jaribio la mtandaoni kuhusu mito, mwenyewe, bila msaada wa mtu, na kulituma kwenye kundi la darasa. Matokeo yamerudi kabla kengele ya mapumziko haijalia. Darasa zima limepata alama zote, isipokuwa wawili.

Nimeingia chumba cha walimu kifua mbele. Nimeyasoma matokeo kwa sauti. Mwalimu wa Kiswahili kapiga makofi. Bando kaomba kuliona jaribio. Kalitazama. Kisha kanisogelea sikioni na kuniuliza kama nilikusudia kuweka majibu chini ya kila swali.

Nikasema ndiyo. Ni mbinu. Mwanafunzi anaanza na jibu, hofu inamtoka, ndipo anasoma swali.

Kaitikia kwa kichwa. Halafu kaniuliza wale wawili walifelije.

Nimekumbuka kwamba nina kipindi, nikatoka. Huyu kijana ana roho mbaya, ila anaificha vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata. Nashangaa sikuliwaza hili mapema.

Hatari yote iko kwenye kubonyeza vitu mbele ya mkaguzi. Basi sitabonyeza. Nimejirekodi nyumbani leo, sebuleni, nikifundisha somo la mto tangu chemchemi hadi baharini. Kesho nitasema nafundisha mubashara kutoka maktaba, wanafunzi wakiniona kwenye skrini ya darasani. Mtunza maktaba ni shemeji yangu. Ameshaunganisha mitambo. Mimi nibonyeze kitufe cha pembetatu tu.

Na nimeweka ufundi. Kila baada ya maelezo nimeacha kimya kidogo cha kuulizwa maswali, kisha nasema: "Swali zuri sana. Nani mwingine?" Atakayegundua hajazaliwa.

Kasoro moja. Katikati ya somo mke wangu aliingia na sufuria akitaka kujua ni nani aliyeiacha jikoni ikaungua. Nilitaka kukikata kipande hicho. Sikuona pa kukatia. Nimekiacha. Watu watadhani ni mfano wa mmomonyoko.

Shemeji kanishauri nifundishe tu kama kawaida yangu. Nimemshukuru kwa ushauri.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kiatu kikiwa bado hakijakauka.

Nilibonyeza pembetatu. Ikakubali. Sura yangu ikajaa skrini kule darasani, shemeji akanithibitishia. Hapo ningetulia maktaba hadi mwisho, mambo yangeisha salama. Lakini nilitamani kuuona uso wa mkaguzi akistaajabu. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikazunguka nyuma, nikasimama kwenye dirisha la darasa.

Mkaguzi ni mama wa makamo, miwani imemning'inia kifuani, sauti ya chini. Alikuwa amesimama mbele ya skrini.

"Mwalimu, unawasikia wanafunzi wako?"

"Swali zuri sana," nikamjibu kutoka kwenye skrini ukutani. "Nani mwingine?"

"Ni mimi, mkaguzi. Nakuuliza wewe."

Kimya. Kisha ile sura yangu ikatabasamu. "Usiogope. Hakuna swali la kijinga."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu wa shule akafumba macho. Hapo ndipo mke wangu alipotokea kwenye skrini na sufuria yake, akauliza ni nani aliyefanya mambo haya.

"Si mimi, mama," akasema mkaguzi, kwa heshima zote.

Kisha akageuka dirishani. Tukatazamana. Chai ikanimwagikia kwenye kiatu.

"Karibu ndani, mwalimu," akasema. "Mwenzako ametangulia."

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nikaingia. Nikachukua chaki, nikachora mto ubao mzima, nikaanza kufundisha. Nikawaambia mto ukiwa mchanga hufanya kelele nyingi milimani, lakini ni ule uliozeeka unaopanua bonde. Nilisema hivyo nikimwangalia Bando, aliyekuwa amesimama mlangoni. Wanafunzi wakanyamaza wote. Mikono ikaanza kuinuliwa. Hata mkaguzi alivaa miwani.

Tatizo ni yule wa ukutani. Kila nikifika pazuri, ananidakia: "Nani mwingine?" Nikamwambia anyamaze. Akasema ni swali zuri sana. Nikatafuta pa kumzima, sikupaona. Bando akaja taratibu, akagusa kitufe, akarudi mlangoni bila kusema kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Kiti cha taaluma kimekwenda kwa Bando. Mkaguzi kaandika kwamba mimi najua kufundisha mto, lakini kila Jumatano mchana nikae na Bando anifundishe kompyuta, mpaka niive. Mkuu kanisomea hayo akiwa amefunga mlango, ili nisiaibike. Wakati huo chumba kizima cha walimu kilikuwa kimejipanga nje kusikiliza.

Mchana Bando kanifuata kwenye kivuli cha ukuta. Nilijiandaa kwa dhihaka. Badala yake kaniuliza kama anaweza kuja kukaa nyuma ya darasa langu. Anasema mitambo anaiweza, ila wanafunzi wake hawanyamazi kama walivyoninyamazia mimi siku ile, na haelewi kwa nini. Macho yalikuwa chini. Kwa muda nilitaka kumshika bega.

Nimemkubalia. Kwa masharti. Aje na kiti chake.

Jumatano, 12 Machi

Somo la kwanza na Bando nimelikosa, kwa sababu ya mambo makubwa zaidi. Mkuu wa shule ya jirani amepata habari zangu. Kanialika rasmi nikazungumze na walimu wake kesho. Nimemwambia mke wangu kwamba kipaji hakifichiki. Kaniomba asome barua ya mwaliko. Kaisoma, kaniangalia, kaisoma tena, kaenda jikoni mabega yakimtikisika.

Kichwa cha mada wamekiandika hivi: "Makosa ya Kuepuka katika Kufundisha kwa Mtandao." Bila shaka mwandishi wao ameteleza. Nimekisahihisha kwa kalamu. Nimefuta maneno manne ya mwanzo.