Pima Moja ni Mita Mbili

Mama mwenye nyumba ya wageni alipoingia dukani akitafuta kitambaa cha mapazia, Maneno-Asali, muuza vitambaa, alimwamkia kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa hata mama mkwe wake.

Jora moja tu lilikuwa limebaki, mita ishirini kamili, na mkewe alishaliwekea macho. Jumamosi dada yake anaolewa. "Nisipopata gauni," alimwambia asubuhi, "nakwenda harusini na sanduku langu, na sirudi." Bwana huyu alimpenda mkewe. Alipenda pesa pia, na hakuona kwa nini achague.

"Mama, mita ni kitu cha maofisini," alisema kwa huzuni. "Wahenga walipima kwa pima: unanyoosha mikono, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Pima moja ni mita mbili. Chukua pima kumi kwa bei ya mita kumi na nane."

"Mita mbili za bure?"

"Za baraka."

Mikono yake yeye, tuseme ukweli, ilinyooka mita moja na nusu, tena akijikakamua. Pima kumi zingemwachia mita tano: gauni, na mtandio juu.

"Na anapima nani?" mama akauliza.

"Yeyote, mama. Mungu hakuumba mikono ya kupunja watu."

Mama akalipa palepale, mbele ya wateja wawili. Kisha akageukia mlangoni. "Mkwe wangu, njoo upime."

Akaingia kwa kuinama mpaka rangi mmoja, yule anayepaka dari bila kupanda ngazi. Akanyoosha mikono, na duka likaonekana dogo. Pima ya tisa ilipokwisha, jora lilikuwa limebaki kipande cha kufutia meza.

"Bado pima moja," mama akasema.

"Mama yangu!" Maneno-Asali akalia. "Hii ni dunia ya kisasa! Tupime kwa mita, ndiyo haki!"

"Haya, kwa mita. Nipe ishirini zangu."

Akabeba jora zima.

Nyumbani, fundi cherehani alikuwa ameshamaliza kumpima mkewe kifua na kiuno.

"Umeleta mita ngapi?" mke akauliza.

Kwa mara ya kwanza mwaka ule, mume akataja kipimo sahihi.

"Sifuri."

Mke akainama, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.